Chombo Kimeamua au Ameamua?

Tuanze na sarufi kidogo. Msikimbie, hakuna mtihani. Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kwamba kifaru, kipofu, kijana na kiongozi ni majina yanayoanza na ki-, lakini hakuna anayesema "kiongozi kimefika". Tunasema amefika. Ukiwa na uhai, lugha yetu inakutoa kwenye ngeli ya vitu na kukupeleka kwenye ngeli ya wenye uhai, hata kama jina lako linafanana na kiti na kijiko. Sasa swali ni hili: chombo cha angani kikiamka siku moja kikiwa na akili yake, kikaanza kuchagua chenyewe pa kwenda, tutasema chombo kimeamua, au chombo ameamua?

Swali hili nimelipata kwenye kipindi kimoja cha televisheni ambacho, kusema kweli, kimeniudhi. Mwenzangu wa chumbani anasoma kompyuta na ana flashi yenye misimu yote saba ya Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Kimarekani iliyoanza mwaka 1987 na kuisha 1994. Vipindi 178. Mimi na yeye hatukuwa tumezaliwa. Tumekuwa tukiitazama usiku, hasa zile wiki ambazo bumu limechelewa na hakuna pa kwenda, na sasa tumefika msimu wa mwisho. Kipindi ninachokisema kinaitwa "Emergence". Kilirushwa Mei 1994, vikibaki viwili tu tamthilia yote iishe. Kwa Kiswahili ningekiita "Kuibuka".

Kwa ambao hamjawahi kuitazama: kuna chombo kikubwa kinaitwa Enterprise, kinazunguka anga za mbali kikiwa na watu zaidi ya elfu moja. Nahodha wake ni Picard, mzee mwenye upara na busara. Kuna Data, roboti mwenye umbo la mtu, anayetamani kuwaelewa binadamu. Kuna Troi, mshauri ambaye kazi yake ni mambo ya moyo. Kuna Worf, mpiganaji. Na kuna chumba ambacho kinaweza kutengeneza mazingira yoyote unayoyataka, pamoja na watu wa bandia wa kuongea nawe humo.

Katika kipindi hiki chombo kinaanza vituko. Kinaongeza mwendo chenyewe bila amri ya mtu, na baadaye mafundi wanagundua kwamba zingepita sekunde chache tu kingelipuka. Yaani kilijiokoa. Wakichungulia ndani ya kuta wanakuta mitambo imejiunganisha yenyewe kwa vifundo vipya, na Data anaona kwamba mpangilio wake unafanana na ubongo. Wakati huohuo, kwenye kile chumba cha mazingira ya bandia, treni ya zamani inakatiza. Ndani yake wamejaa abiria wasiohusiana: mshika bastola wa Marekani ya kale, mwanamke aliyevaa kama wa miaka ya 1920, mkulima, na askari mwenye deraya anayekatakata vikaragosi vya karatasi. Wote wanasafiri kwenda mji mmoja. Dereva wa treni anauawa kwa ajili ya tofali. Ile treni ni ndoto ya chombo, na abiria wake ni vipande vya akili inayojaribu kujikusanya.

Jamani, hapo nilikaa sawa kitandani. Hicho ni kisa kizuri. Meli ambayo watu wameishi ndani yake kwa miaka saba, wakala, wakalala, wakagombana, kumbe inakusanya nafsi. Na haina mdomo, kwa hiyo inasema kwa picha.

Halafu kipindi kikaishia kwenye ufundi. Ikajulikana kwamba chombo kinatengeneza kiumbe fulani katika chumba cha mizigo, umbo la vijiti na viungo vinavyong'aa, na kwamba kiumbe hicho kinahitaji chembechembe za aina fulani. Nyota ya kwanza ikakosa chembe za kutosha. Mafundi wakalipua kombora kwenye wingu la gesi ili chembe zipatikane. Kiumbe kikang'aa, kikapenya kuta za chombo, kikaenda zake. Vile vifundo vikazima. Enterprise ikarudi kutii amri, na watu wakarudi kazini.

Ndiyo imeisha hivyo! Nilimgeukia mwenzangu nikamuuliza: ile akili ya chombo imekwenda wapi? Yule aliyekuwa anaota treni yuko wapi? Kwenye kipindi hakuna anayesimama hata dakika moja kumwomboleza. Na kabla ya hapo, muda wote akiwa hai, maswali aliyoulizwa ni yale tunayomuuliza kondakta wa basi: tunakwenda wapi, tutafika lini, nani anaendesha. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini, wala baada ya kujifungua atakuwaje. Worf alipewa beleshi akasukumia makaa ya mawe kwenye tanuri la treni, na huo ndio ukawa ukaribu mkubwa kuliko wote kati ya watu wa Enterprise na nafsi ya Enterprise.

Mwenzangu hakukubaliana nami. Akasema, "Ticha, wewe unataka kila kitu kifanyiwe usaili. Akili changa haiongei. Mtoto mchanga unamuuliza anaogopa nini? Unamlisha." Ni hoja nzuri na nimeifikiria sana. Kweli, mtoto mchanga unamlisha kwanza. Lakini mama anayemlisha anaongea naye wakati huohuo, anamwita jina, anamjibu hata kabla mtoto hajajua kwamba ameuliza. Hangoji mtoto apate maneno ndiyo amtoe kwenye ki- ampeleke kwenye a-. Anamhamisha siku ya kwanza, na mtoto anajifunza kuongea kwa sababu tayari anaongeleshwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tamthilia hii ilikuwa inalijua hilo. Miaka mitano nyuma, Februari 1989, ilitoa kipindi kinachoitwa "The Measure of a Man". Humo mtaalamu mmoja, Maddox, anataka kumfungua Data vipande vipande ili ajifunze kutengeneza wengine kama yeye. Data anakataa. Inafunguliwa kesi: je, Data ni mali ya jeshi la anga, au ni mtu mwenye haki ya kuchagua? Katika kipindi chote Maddox anamtaja Data kwa neno la Kiingereza linalotumika kwa vitu, yaani ki- yao. Kesi inapoisha na Data ameshinda, Maddox anamsifu, na bila kujua anatumia neno la mtu. Jaji anamwambia kwamba ameliona hilo. Kipindi kizima kimebebwa na kiwakilishi kimoja.

Kwa hiyo walijua. Mwaka 1989 walitumia saa nzima ya televisheni kumhamisha roboti mmoja kutoka kwenye ngeli ya vitu. Mwaka 1994, mwenye akili mpya akiwa ndiyo nyumba yao wenyewe, hata kiwakilishi hawakukigombania. Labda walikuwa wamechoka, maana mwisho ulikuwa umefika. Wengi wetu tunaijua ile hali ya wiki ya mwisho wa muhula, unapoandika jibu ili karatasi isibaki tupu.

Na silaha walikuwa nazo mkononi. Kipindi kinaanza na Data akiigiza kama Prospero, yule mchawi wa kwenye tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina la Tufani mwaka 1969. Mliosoma fasihi tafsiri mtakumbuka kilichomo. Kuna bwana mwenye kisiwa na uchawi. Kuna Ariel, roho anayemtumikia, ambaye tangu mapema kabisa anakumbusha kwamba aliahidiwa uhuru. Kuna Caliban, aliyefundishwa lugha ya bwana wake na anayeitumia kumlaani. Sasa niambieni, ungetaka tamthilia gani nyingine ya kufungulia kisa cha chombo kinachotumikia watu na kuanza kujitambua? Maswali yote yamo humo: anayetumika anataka nini, lugha anayoisema ni ya nani, na bwana atakubali lini kumwachia. Lakini treni inaingia, inakatiza jukwaa, na Tufani haina kazi tena.

Hapa naomba nihame kidogo, maana kuna sababu ya mimi kukasirishwa na kipindi cha televisheni kuliko inavyostahili. Nasomea ualimu, masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Mchanganyiko huo una jambo la ajabu ambalo wenzangu wa kozi wanalijua: kwenye TP unawafundisha watoto walewale kwa lugha mbili. Kipindi cha Kiswahili unafundisha kwa Kiswahili. Kipindi cha Historia, darasa lilelile, madawati yaleyale, unafundisha kwa Kiingereza, kwa sababu shule zetu nyingi za msingi zinafundisha kwa Kiswahili na sekondari inageuka. Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa anajieleza vizuri kabisa, anaingia kidato cha kwanza anakuwa bubu.

Shule niliyopangiwa mwaka jana siitaji, si muhimu. Kidato cha pili kulikuwa na dogo mmoja anakaa dawati la nyuma, karibu na dirisha. Kwenye Kiswahili alikuwa moto. Ukiuliza tofauti ya methali na nahau anakupa na mfano wa kwao. Kwenye Historia alikuwa jiwe. Hanyanyui mkono. Ukimtaja jina anasimama, anaangalia sakafu, anasubiri umwambie akae.

Siku moja tulikuwa kwenye biashara ya masafa marefu. Nikauliza kwa nini wafanyabiashara wa pwani walihitaji wapagazi wa Kinyamwezi. Kimya. Halafu nikamwona yule dogo ameinama kidogo, midomo inacheza. Sekunde kadhaa baadaye jirani yake, kijana mwenye Kiingereza cha shule ya kulipia, akanyanyua mkono na kutoa jibu zuri kabisa. Nikauliza la pili, kuhusu malipo yao. Dogo akainama, midomo ikacheza, jirani akanyanyua mkono: walilipwa nguo. Mwisho wa kipindi nilikuwa nimeelewa. Majibu yote yalikuwa yanatoka kwa mtu mmoja na kupitia mdomo wa mwingine. Alama za mazoezi ya darasani zilikuwa zinakwenda kwa mdomo.

Nilimwita baada ya kengele nikamuuliza kwa Kiswahili. Akanichorea kwa maneno njia nzima, kutoka Ujiji, kupita Tabora, mpaka Bagamoyo, na kilichobebwa kwenda na kilichobebwa kurudi. Nikamuuliza kwa nini haandiki hivyo. Akasema, "Madam, nikianza kutafuta neno la Kiingereza, nikilipata nimeshasahau nilichotaka kusema."

Sasa sikilizeni kilichosemwa kwenye chumba cha walimu. Walimu wale si watu wabaya, wamechoka, madarasa yamejaa. Nilipomtaja, mmoja akasema, "Aa, kile kitoto cha nyuma? Kile ni kizito. Kinakaa tu." Mnasikia ki-? Kiswahili kina heshima ya kumwita mtu a- hata kama jina lake ni kijana au kiziwi. Lakini kina pia mlango wa nyuma: ukitaka kumshusha mtu, unamrudisha kwenye ngeli ya vitu. Kile. Ni kizito. Kinakaa. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliyebeba kichwani njia yote ya misafara amekuwa kitu kilichowekwa karibu na dirisha.

Ndiyo maana siwezi kukisamehe kirahisi hiki kipindi cha Enterprise. Kwa muda fulani kilikuwa kinasimulia jambo ninaloliona na ambalo nitaliona kwa miaka thelathini ijayo Mungu akipenda: akili ipo, inafanya kazi, ila haina lugha inayoruhusiwa pale ilipo, kwa hiyo inatafuta tundu la kutokea. Chombo kilitumia askari mwenye deraya na tofali. Dogo alitumia jirani yake. Na nikipe kipindi haki yake, hatua ya kwanza walipatia. Troi na wenzake walipanda ile treni. Hawakuishia kusema "mitambo imeharibika, izimeni". Waliamini kwamba yale mauzauza yana maana na wakaingia ndani kuyatafuta. Walimu wangapi wanafika hata hapo? Lakini walipopata walichokitaka, yaani chombo kinahitaji nini ili kiende, wakaona wameelewa kila kitu. Kujua mtu anahitaji nini ni kazi ya stoo. Unaweza kumpa mwanafunzi dawati, daftari, uji na kitabu, na bado usijue aliyekaa pale ni nani.

Halafu inakuja ile hotuba ya mwisho, ambayo mashabiki wengine wanaipenda. Data anamuuliza Picard kama haikuwa hatari kukiachia kiumbe kisichojulikana. Picard anamjibu kwamba akili ile haikutokea hewani. Imetokana na wao: kumbukumbu za safari, shajara za watu binafsi, yote waliyoyafanya humo ndani. Kama maisha yao humo yalikuwa ya heshima, basi na kilichozaliwa kitakuwa hivyohivyo.

Ni maneno matamu, na mwenzangu aliyapigia makofi. Alisema hata hizi programu za akili bandia tunazozitumia kufanyia asaimenti zimetengenezwa hivyohivyo, kwa maandishi ya watu, kwa hiyo Picard aliona mbali. Inawezekana. Ila kwa mwalimu maneno yale yana shimo. Hiyo ni imani kwamba wema unahama wenyewe: ukiwa mtu mzuri karibu na mtoto, uzuri utamwingia kama harufu ya pilau. Paulo Freire, ambaye sisi wa Elimu tumemdesa mpaka tumemkariri, aliwalaumu walimu wanaomchukulia mwanafunzi kama chombo cha kujazwa. Angalieni neno hilo jamani. Chombo! Kwa Kiswahili ni jahazi, ni sufuria, ni kifaa, vyote kwa pamoja. Na Picard, kwa upole wake wote, anamalizia hapohapo: tumeweka vizuri ndani yake, kwa hiyo ni kizuri. Hakuna alipoambiwa na mwenyewe.

Yule dogo naye kuna waliokuwa wameweka vizuri ndani yake. Walimu wake wa msingi walimfundisha, bibi yake alimsimulia, alisema hivyo mwenyewe. Lakini upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili unakuja kwa Kiingereza, na kwenye chumba cha mtihani hakuna jirani wa kumnong'oneza. Kilichomo ndani hakimwokoi mtu kama hakuna aliyejenga njia ya kukitoa.

Mkiniuliza kama mkitazame kipindi hicho, nitasema kitazameni, dakika arobaini na tano si nyingi, na ile treni ni nzuri. Ila tangulizeni "The Measure of a Man", muone ninachokilalamikia. Na wenzangu wa Elimu tunaotawanyika kwenda TP muhula ukiisha, mkifika chumba cha walimu tegeni sikio kwenye viambishi. Mkisikia kile, kinakaa, ni kizito, jueni kuna mtu anayesemwa hapo. Mtafuteni baada ya kengele, muulizeni kwa lugha aliyonayo.

Mwenzangu tayari ameweka kipindi kinachofuata na ananiita. Nimemwambia aanze tu, nitamkuta. Bado sijamaliza andalio la somo.